Kutoka Jetini Hadi Kwenye Bajeti: Namna Kina Mama Wenye Ulemavu wa Lamu Wanavyoweza Kupeleka Dai Lao Kaunti

Ilikuwa asubuhi ya bamvua, zile siku maji ya bahari hujaa na kupwa kupita kawaida, saa nne. Maji yalikuwa yameshapwa, ngazi za jeti, yaani gati la kupandia boti, zimebaki wazi, zile za chini zimeota mwani. Boti ilikuwa chini kabisa. Mama mmoja wa kikundi chetu alikuwa juu ya jeti kwenye kiti chake cha magurudumu, buibui amelikunja magotini lisiingie kwenye tairi. Vijana wawili wa boti wakapanda. "Mama, usiogope, tutakubeba." Mmoja akamshika kwapani, mwingine miguuni. Hawakuwa na nia mbaya, ni watoto wa majirani. Lakini mama yule alifumba macho mpaka alipowekwa botini, na alipoyafumbua aliniambia, "Mimi kila nikitaka kwenda hospitali, lazima kwanza nishikwe na wanaume."

Maneno hayo ndiyo niliyoanza nayo kazi hii. Ngazi zile zinamsumbua kila mwenye ulemavu wa viungo, ila mwanamke wa hapa kwetu zinamnyang'anya pia sitara yake, na wengi huamua bora kukaa ndani. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba nchini Kenya wanawake wenye ulemavu ni wengi kuliko wanaume: asilimia 2.5 ya wanawake, asilimia 1.9 ya wanaume. Ukienda kwenye vikao vya mtaa utadhani ni kinyume, kwa sababu wanawake hawaonekani.

Mwongozo huu ni wa kikundi chochote cha kina mama, Lamu mjini, Shela, Pate, Faza au Mpeketoni, kinachotaka kulichukua neno kama lile la mama wa jetini na kulifikisha mahali linapopewa pesa.

Hatua ya 1: Waendee majumbani

Usiitishe mkutano kwanza. Ukiitisha, watakuja wale wanaokuja siku zote. Waliofungiwa ndani hawatapata hata habari.

Nendeni nyumba kwa nyumba baada ya alasiri, wawili wawili, na mmoja wenu awe mwenye ulemavu yeye mwenyewe. Mlango utakaofungwa usoni mwa afisa humfungukia mama mwenye fimbo aliyepiga hodi na kuamkia wakubwa. Mkishakaa, mshukuruni mwenye nyumba, kisha ombeni kuzungumza na mhusika mwenyewe. Mara nyingi dada yake au mama yake atamjibia. Sikilizeni kwa adabu, halafu mrudieni yeye: "Na wewe wasemaje?"

Tulikuwa na maswali matatu tu. Kwa wiki unatoka nje mara ngapi? Unatoka na nani? Ni wapi unapotamani kufika na hufiki? Andikeni majibu kwa maneno yake mwenyewe, msiyapambe. Kabla hamjaondoka, msomeeni mlichoandika na muulizeni kama mnaruhusiwa kukisema mbele za watu bila kumtaja jina.

Angalieni ulimi. Lugha yetu tuipendayo imewaweka watu hawa kwenye ngeli ya vitu: kiwete, kipofu, kilema. Semeni mtu mwenye ulemavu wa viungo, mtu asiyeona, mtu mwenye ulemavu wa akili. Neno kiziwi wenyewe wengi wanalikubali, ila "bubu" hawalitaki. Na mtu akikwambia anapenda kuitwa vipi, basi imekwisha, muite hivyo.

Msiwasahau mama wa watoto wenye ulemavu. Mwanamke anayembeba mgongoni mtoto wa miaka kumi na mbili naye hana nafasi ya kufanya biashara, hana nafasi ya kukaa kikaoni. Mwandikeni kitabuni pamoja na wengine.

Jambo moja zito. Katika kuzunguka huku mnaweza kukuta mwanamke au mtoto aliyepigwa au kunajisiwa. Hilo halingojei bajeti wala halizungumzwi na wazee barazani. Nambari ya simu 1195 hupigwa bure. Afikishwe hospitali haraka, kabla ya saa 72 kupita, ili apate dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi. Asioge kwanza, na nguo alizovaa zisifuliwe.

Hatua ya 2: Kikao ambacho kila mtu anaweza kukifikia

Mkutano wetu wa kwanza tuliufanya ghorofani, kwenye nyumba nzuri ya mawe yenye upepo wa bahari. Mwenzetu mwenye magongo alifika mlangoni, akazitazama zile ngazi nyembamba zinazopanda wima. Akakaa chini kwenye daka, kibaraza cha mlangoni. Sisi tukampelekea chai. Saa nzima alisikia sauti zetu juu tukizungumzia haki zake. Nikikumbuka hadi leo naona haya. Tangu siku hiyo kikao chetu ni cha chini, mahali pasipo kizingiti kirefu, na choo tumeshakikagua.

Saa ya kikao ipangwe kwa kuangalia maji. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukipevuka, pwani yetu hukupwa sana mida ya saa nne hadi saa tano asubuhi, na ndiyo saa ambayo ofisi hupenda kuitisha mikutano. Siyu chombo hubaki mbali na watu hukanyaga matope. Kisha saa hiyo hiyo kina mama wanaochokoa pweza wako mwambani, kwa sababu hiyo ndiyo riziki yao. Chagueni siku za maji mafu, ambapo maji hayapwi wala kujaa sana, au saa za jioni ambapo maji ya bamvua yamejaa na boti imepanda karibu na jeti. Na msiingilie nyakati za sala.

Katika pesa za kikao, nauli ije kabla ya chakula: nauli ya mwenye ulemavu, na nauli ya msaidizi wake. Kwa viziwi, tafuteni mkalimani wa lugha ya ishara mapema na mumweke penye mwanga, asiwe na dirisha nyuma yake. Kwa wasioona, kila anayesema ataje jina lake kwanza, na kila karatasi isomwe kwa sauti. Kura msizipige kwa kunyoosha mikono peke yake, maana wapo wasioweza kuinyoosha na wapo wasioiona.

Hatua ya 3: Dai moja

Kikao chetu kilitoa mengi: mikopo, maji, kazi, madarasa, dawa, jeti, uchafu wa njia, hata punda wanaofungwa katikati ya kichochoro kiti cha magurudumu kisipite. Yote ni kweli. Lakini karatasi yenye madai kumi na mawili husomwa kama malalamiko, huwekwa kabatini. Chagueni moja la mwaka huu, mengine yabaki kitabuni.

Sisi tulichuja kwa kuuliza: limetajwa na wangapi, laweza kupimwa kwa futi au kuhesabiwa kwa vidole, na ni la mlango wa nani? Hili la mwisho huwaponza wengi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limegawa kazi. Zahanati na vituo vya afya, barabara za kaunti, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, masoko, pamoja na vivuko na bandari ndogo ni kazi ya kaunti. Shule za msingi na sekondari, polisi na vitambulisho ni za serikali kuu. Hata hivyo jeti nyingine zilijengwa kwa pesa za taifa, kwa hiyo ulizeni kwanza jeti yenu iko mikononi mwa nani. Na likiwa ni jengo la Mji Mkongwe, ulio kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, wahusisheni Makavazi ya Kitaifa kabla ya kudai lolote libomolewe au liongezwe.

Kisha pimeni. Hapa ndipo ningependa mtumie siku nyingi kuliko hatua nyingine yoyote.

Chukueni futi ya fundi na mwende jetini mara mbili siku ya bamvua: maji yakiwa yamejaa, na yakiwa yamepwa. Tofauti yake hapa kwetu hukaribia mita 3. Andikeni ngazi ni ngapi, kila moja ina kimo gani, upana gani, ina mahali pa kushika au haina, na kutoka ngazi ya mwisho kavu hadi ukingo wa boti ni sentimita ngapi. Halafu wekeni zamu ya wiki moja, mama mmoja asubuhi na mmoja jioni, wahesabu waliobebwa: wenye ulemavu, wajawazito, wazee, wagonjwa. Siku ya tatu ya zamu yangu nilimwona bibi kizee akishuka zile ngazi kwa makalio, ngazi baada ya ngazi, kiatu kimoja mkononi, na watu wakimpita pembeni. Nilimwandika: saa tatu na robo, alichukua dakika kumi na moja.

Picha pigeni kwa ruhusa tu, na msionyeshe uso.

Kwa milango ya ofisi na zahanati kuna kipimo rahisi kinachotumika kwingi: kwa kila sentimita 1 ya kimo, mteremko uwe na urefu wa sentimita 12. Kizingiti cha sentimita 20 kinahitaji mteremko wa mita 2.4. Nimeona miteremko iliyojengwa kama paa la nyumba, ambayo hata mwenye nguvu hapandi. Kwa hiyo msidai "mteremko" tu. Daini kipimo.

Jetini mteremko wa saruji hausaidii sana, kwa sababu maji hayakai mahali pamoja. Kinachofaa ni jukwaa linaloelea, linalopanda na kushuka na maji, lililounganishwa na jeti kwa daraja lenye kingo pande mbili. Kazi hiyo inahitaji mhandisi na pesa nyingi. Wakati mkilisubiri, mafundi wetu, na Matondoni wapo wanaounda vyombo tangu enzi za babu zao, wanaweza kuunda ubao mpana wa kupandia wenye vipande vya kuzuia kuteleza na kamba za kushika. Kwenye ombi letu tuliweka yote mawili: ubao kwa mwaka huu, jukwaa kwa mwaka wa fedha unaofuata.

Hatua ya 4: Karatasi zenu ziwe sawa

Kikundi kisajiliwe kwenye Idara ya Maendeleo ya Jamii chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022. Mnahitaji wanachama wasiopungua kumi, katiba ya kikundi, kumbukumbu za kikao mlichochagua viongozi, na nakala za vitambulisho. Katika ile katiba andikeni kabisa kwamba mwenyekiti au katibu awe mwanamke mwenye ulemavu. Msipoliandika, baada ya mwaka mmoja mtakuta wenye miguu ndio wanaoshika kalamu.

Kila mwenye ulemavu naye ajisajili kwenye Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Anakaguliwa na daktari katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, fomu inajazwa, kisha anapewa kadi. Kadi hii ndiyo mlango wa vifaa vya kusaidia, karo, msamaha wa kodi kwa wanaolipwa mshahara, na zabuni za serikali, ambazo asilimia 30 zimetengewa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji mtu wa kumtazama muda wote aulizie Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa pesa wasiojiweza, shilingi 2,000 kwa mwezi. Mpange siku moja mwende pamoja, watu kumi kwa boti moja, maana mtu mmoja peke yake akiambiwa "rudi kesho" huenda asirudi tena.

Hatua ya 5: Msikose tarehe

Mara ya kwanza tulipeleka barua yetu mwezi wa Juni. Afisa alitupokea vizuri, akatukaribisha viti, kisha akatueleza kwamba mgao wa kila idara ulikuwa umeshapangwa tangu Februari. Tukarudi na barua yetu.

Bajeti ya kaunti ina majira yake kama kusi na kaskazi. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hufikishwa kwenye Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, kwa hiyo mradi wenu unatakiwa uwe umeingia humo Julai na Agosti. Waraka wa mikakati ya fedha, ule unaopanga kila idara ipate kiasi gani, hufikishwa kabla ya tarehe 28 Februari. Makadirio yenyewe huletwa kabla ya tarehe 30 Aprili, na hupitishwa kufikia tarehe 30 Juni. Mei na Juni mnakwenda kulinda kilichokwisha kuingia kisikatwe. Kuingiza jipya wakati huo ni shida sana.

Muulizeni msimamizi wa wadi tarehe za vikao vya maoni, na muulize tena, kwa sababu matangazo wakati mwingine hubandikwa siku mbili kabla. Mkiona kikao kimepangwa siku ya bamvua asubuhi, au kwenye ukumbi wenye ngazi, andikeni barua ya kuomba kibadilishwe. Ibara ya 54 ya Katiba inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pa umma, kupata usafiri wa umma na kupata habari, na ya 196 inalitaka Bunge la Kaunti kuwashirikisha wananchi. Ipo pia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025 iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Zitajeni kwa upole, lakini zitajeni.

Hatua ya 6: Andikeni ombi

Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi kwenye Bunge la Kaunti. Kiswahili kinatosha, na hakuna haja ya wakili. Sisi tuliandika kwa namna hii:

*Kwa Karani wa Bunge la Kaunti ya Lamu. Sisi tuliotia saini na dole gumba hapa chini, wanawake wenye ulemavu na walezi wa watoto wenye ulemavu, wakazi wa wadi ya ……, tunaeleza kwamba jeti ya …… ina ngazi …… zisizo na mahali pa kushika. Maji ya bamvua yakipwa, kutoka sakafu ya jeti hadi ukingo wa boti ni mita …… . Kati ya tarehe …… na …… tulihesabu wanawake …… waliobebwa mikononi ili wapande au washuke. Tulilizungumza jambo hili na ofisi ya …… tarehe ……, tukajibiwa …… . Jambo hili haliko mbele ya mahakama yoyote. Tunaliomba Bunge liielekeze idara husika (a) iweke ubao wa kupandia wenye upana wa …… kabla ya tarehe ……. (B) itenge pesa za jukwaa linaloelea katika mwaka wa fedha wa ……. (C) ilete taarifa ya utekelezaji, na sisi tupewe nakala.*

Chini yake majina, nambari za vitambulisho, saini au dole gumba. Tengenezeni nakala tatu na mgongewe muhuri wa kupokelewa kwenye yenu. Barua isiyo na muhuri ni kama haikufika.

Hatua ya 7: Siku ya kusema

Kabla ya siku hiyo nendeni mkawaone watu. Mwakilishi wa wadi, na hasa wawakilishi wateule, kwa kuwa Ibara ya 177 imetenga nafasi kwa ajili ya makundi yaliyosahauliwa, wenye ulemavu wakiwemo. Muoneni imamu na wazee wa mtaa, na msiwapuuze manahodha na vijana wa boti. Kwetu wao ndio waliosema kwa sauti kubwa kuliko wote, kwani mgongo unaoumia kwa kubeba watu ni wao.

Mtaambiwa siasa za Lamu ni za wanaume. Wajibuni kwa mfano: Ruweida Obo alikuwa mwakilishi wa wanawake wa kaunti hii, na 2022 wananchi wa Lamu Mashariki walimchagua kuwa mbunge wao.

Msemaji awe mmoja, mwenye ulemavu, na ajiandae kwa dakika tatu. Zoezeni nyumbani kwa saa. Aanze na kisa, ataje hesabu, amalizie na ombi. Tulikuwa na mama anayesema taratibu kwa sababu ya ulemavu wake wa kauli, na baadhi yetu tulitaka asemewe na mwingine. Alikataa. "Watanisubiri kama ninavyowasubiri wao." Aliposimama ukumbini, mwenyekiti alimkatiza mara moja, na mama huyo akanyanyua mkono wake polepole kumwomba subira, akaendelea. Maneno yake yote yaliandikwa kwenye kumbukumbu.

Kabla ya kuondoka hakikisheni hivyo hivyo: mwombeni karani awasomee alichoandika kuhusu dai lenu.

Hatua ya 8: Fuatilieni mpaka mguu ukanyage

Bajeti ikipitishwa, itafuteni na mwangalie kama mradi wenu umo, kwa jina na kwa mahali pake. "Ukarabati wa jeti mbalimbali" si mradi wenu. Mkinyimwa nakala, andikeni barua chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ofisi ina siku 21 za kuwajibu. Isipojibu, pelekeni malalamiko kwenye Tume ya Utekelezaji wa Haki, yaani ofisi ya Ombudsman, na mshike nakala yenu yenye muhuri.

Ndani ya kikundi, wekeni mama wawili wa kazi hii tu: wapige simu kila mwezi, waandike tarehe, jina la ofisi na jibu. Kitabu hicho kisikae kwa mtu mmoja nyumbani.

Mkandarasi akija, mwende naye jetini kabla hajachanganya saruji wala kukata mbao. Na siku ya kukabidhi, msitie saini karatasi yoyote ya kusema kazi imekamilika maji yakiwa yamejaa, wakati ambapo kila jeti inaonekana nzuri. Subirini asubuhi ya bamvua, saa nne. Mleteni mama mwenye kiti cha magurudumu, avuke mwenyewe mpaka ndani ya boti, na vijana wa boti wasimame pembeni na mikono yao nyuma.